Afya ya Jamaa: Kwikwi, na Siku ya Kumwona Daktari

Mlango wa nyumba tuliyokaa zamani ulitazamana na mlango wa askari mmoja aliyekuwa akimtunza baba yake, sajini mstaafu wa polisi. Jioni moja, baada ya kula posho na maharagwe, mzee huyo alishikwa na kwikwi. Watoto walicheka, naye mwenyewe akacheka pamoja nao. Mkwewe alimletea maji. Jirani mmoja alinyata nyuma yake akagonga sufuria ili amshtue. Mwingine alimwambia kwa uso mkavu kwamba sukari ya nyumba ya pili imeibwa, na kwamba yeye ndiye anayeshukiwa. Maana wako wanaoamini kwamba mtu akisingiziwa wizi kwikwi humkimbia.

Kwikwi ilitulia kidogo, kisha ikarudi. Siku ya pili mzee alipewa ndimu, siku ya tatu tangawizi, na siku ya nne mtu akaleta maji ya mizizi. Watoto walikwisha kuifanya mchezo: walikaa barazani wakahesabu babu ataruka mara ngapi kabla chungu hakijachemka. Asubuhi ya siku ya sita mzee hakuweza kuinuka kitandani, na maneno yake yalikuwa hayafahamiki. Mwanawe akampeleka hospitali. Huko damu na mkojo vilipimwa, ikaonekana kwamba figo zake zimeharibika vibaya kwa sababu ya shinikizo la damu ambalo hakujua kuwa analo. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu mwezi uliotangulia, na hamu ya chakula ilikuwa imempotea; nasi tulisema kwamba huo ni uzee.

Mzee alitibiwa akapata nafuu, akaishi karibu mwaka mmoja baadaye. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa wa figo ulikuwa umeanza miaka mingi kabla ya kwikwi, na kwamba hatukuuleta sisi. Lakini siku zile tulizozipoteza kwa ndimu na sufuria ndizo zilizomfikisha karibu na kaburi. Sote tulihesabu kwikwi. Hapana aliyehesabu siku. Kwa sababu hiyo leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo hili dogo, ambalo mara moja katika mara nyingi si dogo.

KWIKWI NI NINI?

Kati ya kifua na tumbo pana ukuta mwembamba wa nyama uitwao kiwambo. Umetandazwa humo ndani kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma, na kazi yake ni kutusaidia kuvuta pumzi. Kiwambo kikishuka, mapafu hupata nafasi na hewa huingia; kikipanda, hewa hutoka. Kazi hiyo hufanyika usiku na mchana bila ya sisi kuifikiria.

Mishipa ya fahamu inayokiongoza kiwambo hutoka shingoni, ikapita kifuani karibu na moyo na mapafu. Mishipa mingine huleta habari kutoka koo, umio na tumbo mpaka kwenye ubongo. Mahali popote katika njia hiyo ndefu pakichokozwa, kiwambo huweza kushtuka na kujikaza ghafula. Hewa huingia kwa kasi, na kabla ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde kupita, mlango wa sauti ulioko kooni hujifunga. Hewa hugonga mlango uliofungwa, na mgongano huo ndio sauti tunayoisikia. Kwa kawaida hurudia baina ya mara 4 na mara 60 kwa dakika.

Basi yafaa tufahamu jambo moja tangu mwanzo: kwikwi yenyewe si ugonjwa. Ni mlio, kama vile mbwa abwekavyo usiku. Aghalabu mbwa hubweka kwa sababu ya paka aliyepita, na mwenye nyumba hugeuka upande wa pili akalala. Lakini mbwa akibweka usiku kucha, mwenye nyumba mwenye busara huondoka kitandani akatazama uani kuna nini.

SABABU ZA KILA SIKU

Mara nyingi aliyepita ni paka tu. Kula haraka haraka, jambo ambalo askari hulijua sana kwa kuwa muda wao wa chakula ni mfupi, humfanya mtu ameze hewa pamoja na chakula. Tumbo likijaa kupita kiasi hukisukuma kiwambo kutoka chini. Soda na bia huleta hewa tumboni. Waragi na vileo vingine vikali huchoma umio na tumbo. Pilipili nyingi, chai ya moto sana inayofuatwa na maji baridi, sigara, kicheko kirefu, furaha ya ghafula au wasiwasi: yote hayo huweza kuamsha kwikwi. Hukaa dakika chache, pengine saa moja au mbili, kisha ikaenda zake bila ya kuaga.

Anayesumbuliwa nayo mara kwa mara, na ajitazame kwanza mwenyewe mezani. Ale polepole, atafune vizuri, aache kuzungumza huku amejaza mdomo, apunguze soda na kileo, wala asilale mara tu baada ya kula. Ikiwa pamoja na kwikwi husikia moto ukipanda kifuani na maji machungu yakirudi kooni, basi ana kiungulia, na hicho kina dawa yake, aende akaonwe.

WATOTO WACHANGA

Akina mama wengi huandika wakiwa na hofu kwamba mtoto wao mchanga hupata kwikwi kila siku. Napenda kuwatuliza. Mtoto huanza kupata kwikwi angali tumboni, na mama mjamzito katika miezi ya mwisho huweza kuzisikia kama mapigo madogo yanayofuatana kwa mpango. Baada ya kuzaliwa huendelea nazo, hasa baada ya kunyonya, kwa kuwa amemeza hewa. Mwinue akae wima begani, mpapase mgongo polepole mpaka acheue, kisha mwendelee. Ikiwa hana taabu nyingine, mwache, itakwisha yenyewe.

Mama zetu walituwekea kipande cha uzi kilicholoweshwa mate kwenye paji la uso. Sina neno juu ya desturi hiyo, ila uzi usije ukaangukia mdomoni mwa mtoto, nayo mate ya mtu mwenye kikohozi au vidonda yasimfikie. Lakini mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 asipewe maji kwa ajili ya kwikwi. Maziwa ya mama yanamtosha. Asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwani huweza kuwa na vijidudu vinavyoleta sumu katika matumbo ya mtoto mdogo. Wala mtoto mchanga asishtuliwe wala kupigwa mgongoni kwa nguvu.

Mtoto mwenye kwikwi anayekataa kunyonya, anayetapika kila anyonyapo, ambaye haongezeki uzito, au ambaye hulia na kujinyonga mwili kila baada ya kunyonya, huyo apelekwe kituo cha afya.

DAWA ZA NYUMBANI

Dawa za kwikwi ni za kale sana. Plato, mwandishi wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisimulia karamu ambayo mgeni mmoja alishikwa na kwikwi akashindwa kutoa hotuba yake. Tabibu aliyekuwapo alimshauri azuie pumzi. Akishindwa, asukutue koo kwa maji. Na akishindwa tena, atekenye pua mpaka apige chafya. Chafya ndiyo iliyomponya. Kumbe ushauri wa mabibi zetu na wa tabibu yule hautofautiani sana, na sababu ni kwamba njia hizo zote hufanya kazi mbili: ama huituliza pumzi, ama huishughulisha ile mishipa ya koo mpaka isahau kosa lake.

Hizi hapa ni zile zisizo na madhara kwa mtu mzima mwenye afya:

Vuta pumzi, uizuie kadiri uwezavyo bila ya kujitesa, kisha uiachie polepole. Rudia mara tatu.

Kunywa glasi ya maji baridi kwa mafundo madogo madogo yanayofuatana.

Keti, uvute magoti mpaka kifuani, ukae hivyo dakika moja au mbili.

Meza kijiko kimoja kidogo cha sukari kavu. Mwaka 1971 madaktari wa Marekani waliandika kwamba waliwapa wagonjwa 20 sukari kwa namna hiyo, na kwa 19 kati yao kwikwi ilikoma. Hesabu hiyo ni ndogo, wala haitoshi kuwa hakikisho, lakini sukari ni kitu kilichopo jikoni. Mwenye ugonjwa wa kisukari aiache njia hii.

Yako pia mambo ya kuepukwa. Usimfunike mtu, na hasa mtoto, mfuko wa plastiki usoni ili apumue ndani yake; watu hufa hivyo. Usimbonyeze mtu macho, wala usimkabe shingo. Usimshtue mzee au mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Tena, usimshtue mtu yeyote aliyeshika bunduki, usukani au chungu cha moto. Hapo kwikwi itaondoka pamoja na mtu.

HESABU SIKU

Sasa tunafika mahali ambapo jirani zangu na mimi tulipotea njia. Madaktari wameweka mpaka ulio wazi: kwikwi iliyozidi saa 48, yaani siku mbili kamili, haihesabiwi tena kuwa ya kawaida. Hata kama mgonjwa anacheka, anakula na kutembea, hapana budi aonwe na daktari. Mtu anayeruka usiku kucha halali, hali vizuri, hukonda, na nguvu humwishia. Na nyuma ya kwikwi hiyo pengine yako maradhi yaliyojificha.

Kumbuka ile njia ndefu ya mishipa. Figo zikishindwa kazi, uchafu hujaa katika damu nao huuchokoza ubongo. Ini likivimba au likipata jipu, hukisukuma kiwambo kutoka chini. Homa ya mapafu iliyo sehemu ya chini ya pafu hukichokoza kutoka juu. Kisukari kilichopanda sana, upungufu wa chumvi katika damu, uvimbe shingoni au kwenye umio, homa ya uti wa mgongo, uvimbe wa ubongo, na kiharusi: maradhi haya yote huweza kubisha hodi kwa sauti ya kwikwi. Kadhalika baadhi ya dawa huileta, kama vile deksamethasoni na diazepamu. Ukianza dawa mpya na kwikwi ikafuata, mwambie aliyekuandikia; usiiache dawa kwa shauri lako mwenyewe. Na aliyepasuliwa karibuni amwarifu mwuguzi mapema, kwa kuwa kila kwikwi huvuta mshono.

Alikuwako mtu mmoja huko Marekani, katika jimbo la Iowa, jina lake Charles Osborne, aliyeanza kupata kwikwi mwaka 1922, nazo hazikukoma mpaka mwaka 1990. Alioa, akazaa watoto 8, akafa mwaka 1991. Watu hupenda kumtaja kwa kusema, «Mbona yule aliishi miaka 68 nayo?» Jibu ni kwamba anakumbukwa kwa kuwa hana mfano. Asikudanganye.

TAZAMA WENZAKE

Mpaka wa siku mbili ni kwa kwikwi iliyo peke yake. Ikija na wenzake, usingoje hata saa mbili. Mpeleke mgonjwa mara moja ikiwa pamoja na kwikwi ana moja ya mambo haya:

Maumivu au uzito kifuani, jasho jembamba la baridi, au kukosa pumzi. Huenda moyo ndio unaoumia.

Uso kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, maneno kuvurugika, kizunguzungu kikali, kutembea kama mlevi naye hakunywa, au kushindwa kumeza. Hizo ni dalili za kiharusi.

Kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, au tumbo kuuma sana na kuwa gumu.

Mkojo kupungua, uso na miguu kuvimba, usingizi usio wa kawaida, au kuchanganyikiwa.

Homa kali pamoja na shingo kukakamaa, au kikohozi chenye maumivu ubavuni.

KWIKWI NA HOMA YA EBOLA

Sisi tunaoishi Uganda, pamoja na jirani zetu wa Kongo, tunayo sababu nyingine ya kutopuuza kwikwi iliyoandamana na homa. Katika Ebola, baadhi ya wagonjwa hupata kwikwi. Madaktari waliowatibu wagonjwa wa Kikwit, Kongo, mwaka 1995 waliiandika miongoni mwa dalili, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dalili za kumshuku mgonjwa. Ugonjwa huo ulipoingia Gulu mwaka 2000, watu 425 waliugua na 224 wakafa. Ulirudi tena Mubende mwaka 2022, na Kampala mwaka 2025.

Nisieleweke vibaya. Mwenye kwikwi baada ya kunywa soda hana Ebola, na itakuwa dhambi kumkimbia jirani kwa sababu hiyo. Lakini mtu mwenye homa ya ghafula, aliyechoka sana, anayeumwa kichwa, viungo na tumbo, anayetapika au kuharisha, kisha akaongezewa kwikwi, asiguswe mikono mitupu wala kunyweshwa mizizi na majirani. Hasa ikiwa alimwuguza mgonjwa, alihudhuria maziko, au ametoka mahali penye ugonjwa. Atengwe kwa heshima katika chumba chake, mtu mmoja tu amhudumie kwa mbali, na habari zipelekwe upesi kwa mtumishi wa afya wa kijiji, kituo cha afya, au mganga wa kambi, ili aje kuchukuliwa na watu wenye mavazi ya kujikinga.

MABWANA ASKARI

Najua kwamba askari huona haya kwenda kwa mganga wa kikosi na kusema, «Afande, nina kwikwi.» Huhofia kuchekwa, au kuambiwa kwamba anakwepa zamu. Lakini kuripoti ugonjwa ni sehemu ya nidhamu, wala si woga. Askari asiyelala siku mbili hafai lindoni, na mwenzake anayemtegemea gizani ndiye atakayelipa. Nao wakubwa wa vikosi wasiruhusu jambo hili ligeuzwe mzaha. Mtu akisema, «Leo ni siku ya tatu,» aandikiwe karatasi aende.

Neno jingine ni juu ya dawa. Iko dawa iitwayo klorpromazini ambayo madaktari huitumia kwa kwikwi isiyokoma, nayo husaidia. Lakini huleta usingizi, na huweza kushusha shinikizo la damu hata mtu akaanguka anaposimama. Haifai kununuliwa dukani kwa kuelezwa na rafiki, na anayepewa na daktari asiendeshe gari wala kushika silaha mpaka daktari amruhusu. Tena dawa inayonyamazisha kwikwi kabla sababu yake haijatafutwa ni sawa na kumfunga mbwa mdomo wakati mwizi yumo uani.

UKIFIKA KWA DAKTARI

Daktari atauliza maswali, na jamaa aliyejiandaa humsaidia sana. Andikeni katika karatasi: kwikwi ilianza siku gani na saa ngapi, je, huendelea hata mgonjwa akiwa amelala usingizi, maana hiyo mara nyingi huonyesha kwamba sababu imo mwilini, anakula na kunywa kiasi gani, mkojo wake ukoje, amepungua uzito au la, anatumia dawa gani, zikiwamo zile za mitishamba, anakunywa pombe kiasi gani. Msifiche la mwisho hili kwa kumwonea haya mzee. Daktari pengine atapima shinikizo la damu, mkojo na damu, na kupiga picha ya kifua. Vipimo hivyo si vya ajabu, na mara nyingine huonyesha mapema jambo ambalo lingegunduliwa likiwa limekomaa.

Wasomaji wapendwa, sikuandika haya ili kila kwikwi ilete kilio nyumbani. Mtoto akishikwa nayo kesho mezani, mcheke, mpeni maji, msingizieni wizi wa sukari mkipenda. Lakini ikilala nanyi usiku wa kwanza, mmoja wenu achukue kalenda ya ukutani aitie alama. Ikifika alama ya pili nayo ingalipo, acheni michezo, mwondokeni.

Yule sajini mstaafu, alipopata nafuu, aliketi tena barazani mwake. Siku moja mjukuu wake alishikwa na kwikwi mbele yetu. Mzee hakucheka wala hakuita maji. Alimtazama mtoto kwa upole, akamwuliza swali moja tu: «Imeanza lini, mjukuu wangu?»

Swali hilo ndilo ninalowaachia wiki hii.